Mwezi Wenye Nundu

Lina herufi saba, husomwa gibasi,
be mbili zimesimama katikati
kama wachukuzi wawili chini ya gunia moja.
Nililikuta usiku wa mvua, mtaa wa Oli, Arua,
kwenye kamusi isiyo na jalada, inayoanzia ce
kwa kuwa a na be zilikwisha kufungiwa karanga.

Sifa ya mwezi
uliopita nusu, usiotimia duara.
Na chini yake, kwa maandishi madogo kama chawa:
kutoka Kilatini, nundu.

Nikaifunga.
Nilikuwa natafuta neno la mtihani,
si mgongo wa baba.

Maana Onzima, baba yangu, alibeba tumbaku
miaka ishirini na sita, ghalani hadi lorini,
mpaka mgongo ukakariri umbo la robota.
Ghala lilipofungwa
watu wote walipewa barua. Mgongo haukupewa.

Sokoni wanamwita Kibyongo, naye anaitika.
Mimi ndiye niliyekuwa nabadili njia.
Siku ya wazazi nilimwambia mwalimu:
yule ni jirani.

Nikaifungua tena.
Nikamfikiria Mrumi mmoja, katoka kondeni,
kiuno kinamuuma, akainua macho,
akasema: hata wewe?
Lilikuwa neno la mtu kwanza, au la ng'ombe
(na ng'ombe hachekwi, nundu yake
hukatiwa mgeni wa heshima).
Mbingu ililiazima tu,
kisha, kama jirani na jembe, haikurudisha.

Mvua ikakatika. Nikamwita baba uani,
nikamwambia Waingereza wana neno la mwezi kama huu.
Akauliza, mwezi gani?
Nikakumbuka: shingo yake haifiki juko.
Ni miaka mingapi hajauona?

Lakini yeye alikwisha kuinamia karai la maji ya mvua,
na mle ndani ulikuwapo, mweupe, kombo, umebeba.
Akautazama kama anavyotazamwa mtu wa kazi.
"Huyu," akasema, "siku tatu hivi atautua."
Akanyamaza. Mabati yalikuwa bado yanadondoka.
"Hilo neno lenu linalipa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu.
Akatia mguu wa kulia karaini, mwezi ukavunjika,
akaanza kunawa matope.
Nikachuchumaa,
nikamshikia sabuni.