Nyuma ya Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari,
alisema tajiri siku aliyonikabidhi kaunta buku
yenye jalada jekundu, na mizani yenye kutu.
Mbele nikaandika kilo.
Nyuma, nikiligeuza kichwa chini miguu juu,
nikaanza kuandika mengine
bila kumwambia mtu.

Sikuwa na kubwa la kusema.
Karani wa Mwaloni ana nini cha kusema?
Kwamba dagaa wa Kome leo wamekuja na mchanga.
Kwamba korongo mwenye mguu mbovu
anaijua saa ya mapumziko kuliko msimamizi.
Kwamba mawe ya Bwiru, mvua ikikatika,
yanafuka kama wali uliopakuliwa sasa hivi.
Mistari mitatu, minne. Siku nyingine mmoja:
Leo hakuna kitu.
Hata hilo nililiandika kwa wino.

Mwaka wa pili nikagundua
macho yangu yalikuwa yameajiriwa.
Kwa kuwa jioni ukurasa utaniuliza,
asubuhi nikawa natazama:
namna Nyabise anavyokaza kanga kabla ya kutukana,
namna ziwa linavyokunja uso saa nne
upepo ukitokea upande wa Ukerewe,
namna mshale wa mizani unavyotetemeka kwanza
kama unaogopa kusema kweli.
Mimi, niliyepita hapo miaka kumi na mmoja
kama gunia lililobebwa.

Hiyo nikaihesabu kuwa faida, nikafunga hesabu.
Kumbe.

Mwezi wa Machi akaja Nyanjige, mke wa Bituro
(nimeandika mke, mkono hautaki neno jingine),
kuuliza deni la marehemu.
Nikalifungua daftari kwa haraka, upande usio wake,
na mdomo, uliozoea kusomea watu tarakimu,
ukatangulia akili:
Bituro, ndoo tatu. Anasema mtoto kaota jino.
Kalionyesha kwa kidole kinywani mwake mwenyewe
ili nijue ni lipi.
Kacheka mpaka kamwaga dagaa.

Matoroli yakapita. Mtu akaita barafu.
Nikaanza kuomba radhi.
Akasema: Lipi?
Sikuelewa.
Jino. Alionyesha lipi?

Hilo sikuwa nimeliandika.
Nikafumba macho, nikamtafuta Bituro,
nikampata kwenye jua lile lile, kidole kinywani,
shati limefungwa vifungo kombo.
La chini, nikasema. Kushoto.
Akalipokea jibu kama chenji,
akalihesabu kwa midomo,
akalifunga kwenye pindo la kanga.

Deni lilikuwa elfu kumi na nane na mia tano.
Alilipa lote. Nilitamani asilipe.

Tangu hapo wananijia.
Lugoye huniletea uongo, akitumaini utaandikwa.
Nyabise anataka kujua kama nimemwandika mnene.
Na kijana wa barafu, asiyesema na mtu,
alisimama siku moja mbele ya mizani, mikono ikidondosha maji:
Nimemwota mama akivuka kwa miguu kutoka Kamanga,
ziwa likimfika kwenye vifundo tu.
Akaondoka. Niliandika.
Hajarudi kuuliza kama niliandika.

Tajiri hajui. Au anajua, ananyamaza;
juzi aliliinua daftari, akalipima kwa kiganja,
akalirudisha taratibu kuliko kawaida yake.

Wiki iliyopita kilo zilizotoka mbele
na maneno yaliyotoka nyuma
yakakutana kwenye ukurasa mmoja:
huku, sangara mia na arobaini;
huku, kichwa chini, kikohozi cha mama usiku.
Nikauzungusha ukurasa, nikauzungusha tena,
nisijue upande upi ndio juu.

Nimenunua jingine, Makoroboi, kwa elfu tatu.
Jalada la buluu.
Safari hii nimeanza nyuma.