Fundi Aliyeingilia Kinenani

Diski ya grenda haipasuki kwa hasira.
Inachoka tu, kama mtu.
Alhamisi, saa nne, geti la Mama Shirima limebakiza bawaba moja,
kipande kikaniingia chini ya mtulinga wa kushoto,
kidogo, kama ukucha wa kuku.
Nikacheka. Kisha ovaroli ikawa nzito.

Ombeni, mwanagenzi wangu wa miezi mitatu,
niliyemgombeza asubuhi kwa kupoteza chaki,
alitia ngumi pale akaegemea.
Toka Majengo hadi hospitali hakuinua hata kidole.
Alikuwa akihesabu kwa sauti, sijui alihesabu nini.
Alipofika elfu moja na kitu akaanza upya.

Mkono wangu ulikuwa baridi kama nondo ya alfajiri.
Sista Aikande akagusa kifundo, akagusa tena,
akachora msalaba kwa kalamu ya bluu
mahali mapigo yalipopaswa kuwa.
"Hapa," akasema. "Tutakuja kuyatafuta."

Daktari alinieleza, na mimi mtu wa mabomba nikamwelewa:
mshipa umetoboka nyuma ya mfupa.
Njia ya zamani ni kukata mtulinga, kufungua kifua,
kulitafuta tundu huku damu inakimbizana nawe.
Njia nyingine ni kupita ndani ya bomba lenyewe.
"Kuanzia wapi?"
"Kinenani."
Daktari, nikamwambia, mimi nimeumia bega.

Babu yangu, kule Kibosho, alikuwa na zamu yake ya mfongo.
Ukingo ukitoboka, maji yakapotelea kwa jirani,
hakufukua shamba. Alipanda juu, mfereji unakoanzia,
akaachilia furushi la majani makavu ya mgomba
lielee lenyewe mpaka kwenye tundu, linase.
Mara mbili kati ya tatu
furushi lilipita na kwenda zake.
Hilo sikumwambia daktari.

Nilikuwa macho. Ganzi ilikuwa huku chini tu.
Kwenye kioo nilijiona wa kijivu:
mbavu zangu, geti la mtu asiyelipa,
na waya, mwembamba kuliko wowote niliowahi kushika,
ukipanda tumboni, ukipita kando ya moyo,
ukinusa kona.
Wakamwaga dawa ya rangi, joto likanishuka
nikadhani nimejikojolea.
Na pale, chini ya mtulinga, wingu jeusi
lilikuwa linatoka nje ya mstari.

Waya ukafika tunduni, ukasita,
ukachepuka pasipo na mshipa. Ukarudishwa.
Ukachepuka tena.
Hakuna aliyesema kitu. Ukimya ule naujua,
ni wa kushika pumzi unapochomelea bati jembamba,
sekunde moja zaidi nalo linayeyuka.
Kisha ukavuka.

Nyuma yake ikaja stenti,
wavu wa chuma uliovikwa kitambaa,
umekunjwa kama mwavuli wa mtu anayeingia kanisani.
Ukafunguliwa taratibu, humo humo gizani.
Rangi ikamwagwa mara ya mwisho. Mstari ukapita mzima.

Mlangoni, kitanda kikitoka, Ombeni alikuwa amesimama,
ngumi bado imekunjwa, damu yangu imemkaukia.
Sista Aikande akamfungua vidole kimoja kimoja,
akachukua cha shahada, akakiweka juu ya msalaba wa bluu.
Ombeni akaanza kuhesabu.

Nimetoka na plasta moja ya kinenani
na kovu la ukucha wa kuku.
Kila jioni nameza kidonge cha kuzuia damu isigande.
Kila baada ya miezi kadhaa napanda kupimwa,
maana daktari hakuniahidi milele:
chuma nacho huchoka, alisema,
kana kwamba ananifundisha.

Bawaba ya mwisho ameichomelea Ombeni.
Ina matuta kama uji ulioungua.
Mama Shirima anataka isagwe, ilainike.
Nimemwambia geti linafunga, mama.
Iache hivyo.