Mashua ya Pasua

Ilikuja kwa fuso kutoka Tanga, mwezi wa tatu,
imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada,
na mtaa mzima wa Pasua ukatoka kutazama
mashua ikiruka matuta ya barabara.
Mama Ndeshi akauliza: bahari imehamia Moshi?
Ndewirwa, mume wangu, fundi friji,
akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa:
"Itasafiri. Bado vitu vidogo vidogo."

Vitu vidogo vidogo. Huu ni mwaka wa nne.

Jumamosi ya kwanza alitengeneza rafu ya vikombe,
akaiwekea ukingo wa vidole viwili
vikombe visianguke wimbi likipiga.
Wimbi lipi? Hapa kinachopiga ni vumbi.
Akawaita watoto wa jirani, wanne kila upande,
wakaitikisa mashua juu ya matairi ya trela
huku yeye ndani ameshika bakuli la uji.
Rafu ilisimama. Uji ulimwagika.
Alitoka shati limelowa, anacheka,
akaandika kwenye daftari: jiko linalobembea.

Jiko likabembea, kwa bawaba za kabati kuukuu la Kiboriloni.
Bomba la kunawia akaliunda kwa pampu ya baiskeli:
ukikanyaga linakohoa, linatema mate,
ndipo maji yanakumbuka njia.
Taa ni za bodaboda. Kamba za mlingoti
ni za wapanda mlima, zimestaafu;
mimi hushona mahema yanayochanika huko juu,
na mabaki nayaleta nyumbani.
Hivyo tanga letu la akiba lina kiraka
kilichofika Kibo
kabla ya mtu yeyote wa nyumba hii.

Akaanza kunifundisha majina.
Mbele ni omo. Nikasema Omo ni sabuni.
Nyuma ni tezi. Nikasema tezi ni ugonjwa wa shingo.
Chini kabisa, maji ya uvujaji yanapojikusanya,
ni ngama.
Hapo sikuwa na jibu.

Masika haya bati letu lilitoboka
juu ya kitanda, upande wangu hasa.
Nikaweka beseni. Nikaongeza sufuria.
Saa nane usiku nikamwamsha:
"Ndewirwa, chombo kisichoonja bahari umekiziba chote,
na nyumba inayonyeshewa umeiachia beseni?"
Akanyamaza, kimya cha fundi anayepima.
Kisha akachukua blanketi, akanishika mkono,
tukavuka uani kwenye tope, tukapanda ngazi.

Ndani pakavu. Pananuka vanishi
na vitunguu, kwa sababu ya ule wavu wa kuning'iniza.
Nikapeleka mkono gizani kutafuta swichi
na swichi ilikuwa pale mkono wangu unapofikia,
si wake; yeye ni mrefu.
Rafu ya vikombe, kimo changu.
Kitanda kimekatwa kufuata nyonga
ya mtu anayelalia ubavu wa kushoto.
Alinipima lini? Sikuuliza.
Niliudhika kidogo, kwa kukosa cha kuudhikia.

"Mwenda tezi na omo," akaanza, "marejeo ni..."
"Lala," nikamwambia. "Kesho unapanda bati."

Alipanda. Aliziba kwa gundi ileile ya mashua,
akashuka na hesabu ya matundu mengine sita.

Jumapili, yeye akiwa kwaya,
nikaingia na sindano ya mahema
nikashona mfuko kando ya kitanda:
miwani yangu, penseli yake.
Nilipotoka nikaona tairi la kulia limepungua upepo
na mashua yote imeinamia mlima,
kama mtu anayetega sikio.
Nikarudi, nikalifungua daftari,
na chini ya orodha yake nikaandika kwa mwandiko wangu:
tairi la kulia.
Halafu, baada ya kufikiri: pazia.