Dirisha Namba Tatu

Karani, andika Nyamizi. Si Namizi.
Mjane wa Koplo Mihayo Kapaya, wa Isevya.
Cheti cha ndoa sina. Waulize wajomba zangu
majembe waliyopokea, na mtungi wa asali ya miombo
walioumaliza kabla ya jogoo.

Unauliza ulemavu, asilimia ngapi.
Mguu wa kushoto, andika.
Halafu andika usiku: miaka thelathini na minane
aliruka kitandani akiita majina ya vijana
nisiowajua. Sasa nawajua wote.
Mmoja ni Ngasa. Alipenda karanga.

Kitete walimtibu bure, sikatai.
Lakini bure ile ilikuwa ya dawa;
kumgeuza, kumwosha, kumsubiri anikumbuke,
hayo hayakuwa na fomu.

Sasa unasema pensheni imekufa naye,
yamebaki mafao ya mkupuo,
nije Jumatatu,
nije na picha yake ya pasipoti.

Nitakuja. Ninayo moja tu:
yeye kavaa kombati, mimi nusu ya uso imekatika.
Ikate tena, mwanangu, ikibidi.
Ila bega lile, na mkono wangu ulio juu yake,
usivitenganishe.