Theluthi Isiyo Yangu

Tulitumwa pampu. Si mtu. Pampu,
iliyozama kwenye duara la dhahabu kule Nholi
mvua za Februari zilipoingia bila hodi,
na Agosti maji bado yamo.
Mwenye duara alisimama ukingoni na risiti mkononi:
"Milioni nne hiyo, jamani."

Mita kumi na nane chini, kisha njia inalala,
unatambaa, na paa la udongo mwekundu
linameguka kila povu likiligusa.
Maji rangi ya chai ya maziwa.
Taa iliniona kiganja, basi.

Ndipo kinywa cha mtungi kikafoka.
Hakikukatika: kilifoka, hewa yote mbio
kama ng'ombe waliobomoa zizi,
tope likaamka, na taa nayo ikafa
kwa sababu zake yenyewe.

Darasani Nzuguni nilikuwa wa kwanza kunyoosha kidole.
Mkono wa kushoto: kamba, usiiachie.
Mkono wa kulia: nyuma ya shingo, koki, funga
kwenda kulia, kwenda kulia,
na mkono ukasahau kulia ni wapi.

Mama aligawa uwele mafungu matatu:
huu wa kula, huu wa mbegu,
na huu, alisema akifunika kihenge kwa ungo, si wetu.
Wa nani? Hakujibu.
Mwaka ule wa njaa shangazi Mbeleje alifika usiku
na watoto watano.

Hewa nayo hugawiwa hivyo.
Theluthi ya kwenda. Theluthi ya kurudi.
Theluthi ya mwenzako.

Nikamfinya Ndahani mguu, mara mbili.
Hakuwa na namna ya kuuliza, wala hakutafuta.
Akachomoa kinywani kile alichokuwa akivuta yeye,
akanipa, akachukua cha akiba shingoni.
Nikavuta. Ladha ya mpira, na ugoro wake wa asubuhi.
Tukarudi gizani fundo kwa fundo,
mafundo kumi na moja;
nayahesabu hadi leo usingizi ukigoma.

Pampu iko huko huko.

Jioni, Chigongwe, nilimkuta mama korongoni
amefukua mchanga hadi kiunoni,
anachota kwa kibuyu yale yanayochuruzika.
Nikamsimulia yote, hata koki.
Alisikiliza, akajaza ndoo,
akanitazama kama mtu anayenidai:
"Maji yote hayo, baba,
ukarudi mikono mitupu?"