Robo Inchi

Chini ya kanisa, mji mdogo wa Dakota Kusini.
Nje theluji imefika usawa wa madirisha,
ndani pasi inapumua mvuke,
na Ardis Tveit, miaka themanini na mmoja,
anaufumua mshono wangu.

Hanirushii kijembe cha maneno.
Chake ni cha chuma, kinapita kati ya vitambaa,
tk, tk, tk,
na Jumanne yangu nzima inamwangukia mapajani
kama nywele kwa kinyozi.

"Kitu cha bure," nikajitetea. "Cha msaada.
Nani atapima?"

Akavua miwani.
Kuna watu, wakivua miwani, heri wangekuzaba kofi.
"Bure ni bei," akasema.
"Haijawa aina ya kushona."

Kisha akanieleza habari za hao watoto.
Majina hatupewi. Tunapewa kadi:
mvulana, miaka minne.
Msichana, kumi na mmoja, mrefu.
Huchukuliwa kwao usiku wa manane,
askari mlangoni, taa za bluu zikizunguka darini,
nguo zao zimesombwa kwenye mfuko wa taka.

"Mfuko wa taka," alirudia.
"Hilo ndilo neno la kwanza wanaloambiwa juu ya thamani yao.
La pili nitalisema mimi."

Nikaanza upya.
Mshono, robo inchi. Si karibu na robo inchi.
Lavonne Hruska akadai kijani changu kinagombana na zambarau yake;
hatukusemezana mpaka kahawa.
Sindano ikanichoma, tone la damu
likamdondokea bata wa manjano kifuani.
"Tema mate," Ardis akaniamuru. "Yako mwenyewe.
Mate ya mwingine hayaitoi damu yako."
Nikatema, nikasugua. Bata akapona.

Machi, paa likichuruzika, mfarishi ukaisha.
Ardis akaupeleka dirishani, akaugeuza,
mbele hakutazama hata kidogo.
Akaipitisha kucha kwenye bitana, pindo hadi pindo,
kisha akaitia kona kinywani
na kuivuta kwa meno,
kama mtoto wa miaka minne aliyekataa usingizi
katika nyumba asiyoijua.

Akavuta.
Akavuta tena, shingo ikimtetemeka.

Uzi ukakaa.

Akaukunja, akaufunga utepe, jina hakuliandika.
"Haya," akasema, akifuta mdomo,
akanisukumia kadi nyingine mezani:

msichana, kumi na mmoja, mrefu.