Karatasi Nyeupe

Paysandú, Jumapili ya mwisho ya Oktoba.
Mvua ilipita usiku, michungwa inanukia maua,
nami nimemvisha Bi Olga Berrutti soksi mbilimbili,
nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu
hadi shule niliyosomea.

Njiani ananiuliza mara ya nne:
"Leo tunachagua nini, Zulma?"
Rais, namwambia. Wabunge. Na lile jambo la pensheni.
"Pensheni ninayo," asema, akikumbatia mkoba.

Anayo. Kila tarehe sita nampeleka benki,
tunapanga foleni, tunahesabu noti,
na theluthi yake anaitia kiganjani mwangu.
Pensheni yake ndiyo mshahara wangu,
na katika mshahara wangu wanakata
ile itakayomlipa yeye mwezi ujao.
Tunapokezana peso ileile kama kibuyu cha yerba:
mmoja anyonya, arudisha,
mwingine anyonya,
na maji ya moto yanazidi kupungua chupani.

Kaka yangu Wilder hana shaka.
Miaka thelathini na mmoja kiwanda cha sufu,
akibeba marobota hadi akapinda kama kulabu,
kisha lango likafungwa kwa mnyororo, Jumatano, saa sita mchana.
"Kiinua mgongo!" hucheka. "Waulize wameinua upi."
Kampuni ya kumtunzia akiba ilimletea barua:
picha ya mzee akikimbia ufukweni, meno yote kinywani,
na chini, kwa herufi za sisimizi, kiasi chake,
bei ya kuni za baridi moja.
"Akiba haiozi, walituambia.
Tia ile nyeupe, Zulma. Sitini, siyo sitini na mitano.
Miaka mitano ni mifupa."

Binti yangu Yamila alikuwa akimenya viazi.
Hakuinua kichwa.
"Nani atalipa, mjomba?"
"Serikali."
"Serikali ni mimi. Mimi na nani?"
Ganda la kiazi likaendelea kushuka, refu, bila kukatika.

Hapa kwetu *hapana* haina karatasi.
Anayetaka huitia ile nyeupe ndani ya bahasha;
asiyetaka hatii kitu.
Asiyeelewa, aliyesahau, aliyechoka,
wote wanahesabiwa kapu moja na aliyekataa.

Chumba cha siri kilikuwa darasa la nne.
Herufi zilezile ukutani, ufa uleule wa dirisha.
Sisi tulikuwa thelathini na wanane,
watatu benchi moja, tukigombania viwiko.
Nikahesabu viti: kumi na vinne.
Nikahesabu tena, kama aliyepewa chenji pungufu.
Nyonga yangu ya kushoto nayo ilikuwa na lake la kusema;
ina miaka hamsini na mitatu
na imeinua vikongwe kitandani tangu kiwanda kife.
Nikaikunja karatasi. Nikaikunjua.
Karani akagonga: "Bibi, u mzima?"

Bi Olga aliingia baada yangu, akatoka anatabasamu,
karatasi nyeupe mapajani.
"Hii ni nzuri," akasema, "upande mmoja haujaandikwa."
Nami sikumrudisha ndani.
Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Usiku, televisheni ikihesabu, Wilder akanikazia macho.
"Uliitia?"
Nikamwongezea dengu.
Yamila naye akanitazama, kijiko hewani,
nikamwongezea na yeye.

Jumatatu, saa moja asubuhi, juu ya friji ya Bi Olga,
karatasi ya kura imebanwa kwa sumaku,
mwandiko wake unatetemeka kama nyuzi:
*mkate,
betri za redio,
Zulma alipwe.*